Wastaafu wa ng'ambo wanaokuja Mombasa kujitolea

*Hawalipwi mshahara, wengi wana mvi, na wanaishi miongoni mwetu kisiwani kama majirani. Je, wanakuja kwa kazi gani, kwa kibali kipi, na wakiondoka tunabaki na nini?*

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Marikiti imekwisha kuchangamka. Wachukuzi wanasukuma mikokoteni wakipaza sauti wapishwe, harufu ya bizari na pilipili manga imetanda hadi Barabara ya Digo, na wauza viungo wameshapanga vilima vyao vya rangi kwenye mabakuli. Mbele ya meza moja wamesimama wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, kila mmoja na kikapu cha ukindu begani.

Bibi anataka iliki ya chai na mdalasini wa vijiti. Mwuzaji anataja bei. Bibi anatikisa kichwa na kutaja yake, kwa Kiswahili cha kujifunza lakini kinachoeleweka. Wanavutana. Mwishowe mwuzaji anacheka, anamwita nyanya, na kumwongeza vijiti viwili juu ya mizani. Babu anatoa simu na kulipa kwa M-Pesa, kisha wanapita zao kuelekea kwa wauza nazi.

Ukiwatazama kwa haraka utawadhani watalii walioachwa na basi lao. Lakini mtalii hana haja na robo kilo ya iliki, wala hajui dumu la maji la lita 20 huuzwaje mifereji ikikauka. Hawa ni wastaafu waliopanga nyumba kisiwani kwa miezi kadhaa, pengine mwaka na zaidi, ili wafanye kazi isiyo na mshahara: shuleni, zahanatini, katika vyuo vya ufundi, katika vikundi vya akina mama na makanisani.

Tumewazoea kiasi kwamba hatuwaulizi tena lolote. Hilo ni kosa. Wapo wanaotufaa sana, wapo wanaochukua nafasi ya kijana wetu bila kujua, na ipo kazi moja ambayo hakuna mgeni wa muda mfupi anayepaswa kuigusa kabisa.

Si vijana tena

Zamani mtu wa kujitolea kutoka ng'ambo alikuwa kijana aliyemaliza shule jana. Shirika la Uingereza la VSO lilipoanza mwaka 1958, wa kwanza kutumwa walikuwa wa miaka 18 hivi. Muda ulivyokwenda shirika liligeuka, likatafuta watu wenye fani mkononi na miaka ya kazi nyuma yao. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa 1961, haikuweka kikomo cha umri wa juu. Lillian Carter, mama yake Jimmy Carter aliyekuja kuwa rais, alikwenda India mwaka 1966 kama muuguzi wa shirika hilo akiwa na umri wa miaka 68.

Uholanzi ina PUM tangu 1978, na Ujerumani ina SES, yenye makao yake Bonn, tangu 1983. Mashirika haya mawili hutuma wataalamu wakongwe, wengi wao waliokwisha kustaafu: mwokaji mikate, mhandisi wa maji, mhasibu, fundi wa mashine za hospitali. Kwa kawaida hukaa wiki chache tu, na huenda kwa kampuni au taasisi iliyowaomba yenyewe.

Makanisa ya Marekani na Ulaya nayo hutuma mume na mke waliokwisha kulea watoto wao. Wengi wa hao hujilipia nauli, kodi ya nyumba na chakula kutoka kwenye pensheni yao.

Kuna sababu ya kuwatuma wawili wawili. Mzee aliye peke yake ugenini huchoka mapema, na upweke humrudisha kwao kabla kazi haijashika. Wakiwa wawili, mmoja akipatwa na homa mwenzake yupo, na jioni wana wa kuzungumza naye. Ujirani nao huwa mwepesi, kwa maana mitaa yetu huwaelewa mume na mke haraka kuliko inavyomwelewa mgeni anayeishi pekee.

Kisiwa kiliwaona wengi kabla yao

Johann Ludwig Krapf alitia nanga hapa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Julai ya mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa, na kitoto chao kichanga kikamfuata. Kaburi liko Mkomani, ng'ambo ya maji upande wa Nyali. Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alimwoa mjane Emma Tyler mwaka 1851 wakaishi Rabai hadi Emma alipofariki mwaka 1866. Rebmann alibaki hadi 1875, akarudi Ujerumani akiwa kipofu. Naye William Salter Price, mwanzilishi wa Frere Town, alirudi Mombasa kwa mara ya tatu mwaka 1888 akiwa amevuka miaka 60.

Hao walikuwa wamisionari, walikuja kwa ajili ya dini yao, na historia yao ina mengi ya kuhojiwa. Ninawataja kwa sababu moja: walikaa. Krapf alitoa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Huwezi kuandika kamusi kwa wiki mbili.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko Fort Jesus. Ngome hiyo ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian, na chini ya mwanaakiolojia James Kirkman, ilifukuliwa, ikakarabatiwa na kufunguliwa kwa umma mwaka 1960. Baada ya Kirkman alikuja Hamo Sassoon, na mkewe Caroline. Mume alipokuwa akisimamia makumbusho, mke alijitosa katika kauri za Kichina zilizofukuliwa pwani, akasoma alama zilizo chini ya vikombe na sahani kimoja baada ya kingine. Kitabu chake kuhusu alama hizo katika maeneo ya pwani ya Kenya kilitoka 1978.

Miaka hiyohiyo, 1977 hadi 1980, wapiga mbizi walikuwa wakifukua meli ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa mzingiro. Anayetembelea Fort Jesus leo na kuona kigae cha kauri chenye maelezo ya kilikotoka na cha enzi gani, anafaidi kazi ya watu waliokuwa na subira.

*"Huwezi kuandika kamusi kwa wiki mbili."*

Kisha ukaja mwaka 2014. Mwezi Mei serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasifike kisiwani Mombasa ila kwa jambo la lazima, na ndege zikatumwa kuwarudisha kwao mamia ya watalii waliokuwa ufukweni. Miezi michache baadaye Peace Corps, iliyokuwa imeleta nchini zaidi ya watu 5,000 tangu miaka ya 1960, ikasimamisha shughuli zake Kenya kwa sababu za usalama. Baadhi ya wajitoleaji waliokuwapo wakati huo walikuwa wakifundisha katika shule za watoto viziwi. Onyo la Uingereza kuhusu kisiwa liliondolewa Juni 2015, lakini madarasa yaliyokuwa yakimtegemea mgeni mmoja yalikuwa yameshaonja maana ya kutegemea mgeni mmoja.

Ngazi, maji na futari

Mzee wa miaka 67 anayepanga nyumba Ndia Kuu au Kibokoni hupambana kwanza na ngazi. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Kuta ni nene, vyumba virefu, roshani za mbao zinatazama kichochoro. Ndani mna ubaridi hata adhuhuri. Lakini ngazi ni nyembamba, zimesimama wima, na mara nyingi hazina pa kushika. Ukipanda na kikapu cha sokoni mara mbili kwa siku, goti litasema.

Cha pili ni maji. Mombasa hunywa maji ya mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho, Marere na Tiwi. Hayatoshi, na kwa hiyo hutolewa kwa zamu. Mkaazi wa kisiwani hujifunza kujaza pipa siku yanapotoka, kumjua kwa jina mchukuzi wa maji mwenye mkokoteni, na kutenga maji ya kunywa mbali na yale ya kisima yenye chumvi. Mgeni aliyetoka nchi ambako bomba halijakauka tangu azaliwe hubadilika mwenendo katika wiki ya kwanza. Wengi wao hushika kata kwa adabu zaidi kuliko vijana wetu.

Cha tatu ni joto. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa huwa nzito na usiku haupoi. Wanaoweza hupanga kazi yao asubuhi, hulala baada ya chakula cha mchana kama sisi, na kutoka tena alasiri. Anayeng'ang'ania saa za ofisi za kwao huishia kitandani.

Adhana ya alfajiri huwaamsha. Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kuwa ulijengwa 1570, uko hatua chache tu kutoka Bandari ya Zamani, na misikiti ya jirani huitikia. Baada ya mwezi mmoja hawashtuki tena. Huamka nayo, huchemsha maji, na saa kumi na mbili na nusu mmoja wao yuko mlangoni kwa mama wa mahamri, sahani mkononi, akisubiri mbaazi za nazi.

Ramadhani ndiyo huwapima, na ndiyo huwafungulia milango. Mchana hawali hadharani. Bibi hutembea na leso mabegani. Magharibi ikiingia, mtoto wa jirani hubisha hodi na sinia lililofunikwa kawa: kaimati, viazi vya nazi, tambi, pengine samaki wa kupaka. Sinia halirudi tupu. Nimeona likirudi na keki ya ndimu iliyookwa kwenye jiko la mkaa, na nyumba nzima ikaijadili keki hiyo wiki nzima.

Wanaofanya kazi ng'ambo ya Likoni huvuka kwa feri pamoja na umati unaokadiriwa kufikia watu 300,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi. Hapo mzee wa Kizungu husukumwa kama mwingine yeyote, kisha kijana humpa kiti au kumshika mkono kwenye mteremko kwa sababu ya mvi zake. Jambo hilo huwagusa sana, na ni heshima ambayo tusiipoteze.

Afya ndiyo hofu kubwa. Hospitali Kuu ya Pwani iko hapahapa kisiwani, vilevile Aga Khan na Pandya, kwa hiyo aliye Mji wa Kale yuko karibu na daktari kuliko wenzake walioko bara. Lakini malaria ya pwani haimwonei haya mtu, na dawa za shinikizo la damu wanazozoea kwao wakati mwingine huuzwa hapa kwa jina jingine. Mashirika mengi huwataka wawe na bima inayolipia ndege ya wagonjwa, na hapo Madaktari Warukao wa Amref, huduma iliyoanza 1957, ndio kimbilio.

Wakipata likizo

Shule hufungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na anayefundisha hufunga naye. Hapo ndipo wazee hawa hugeuka wasafiri. Hutumia njia zetu na nauli zetu, na huiona nchi kwa namna ambayo mgeni wa hoteli haioni.

Desemba ndiyo ya kuchekesha. Nairobi yote huteremka pwani kwa Krismasi. Treni za kuja Mombasa hujaa, vyumba vya Nyali na Diani hupanda bei. Mjitoleaji mjanja huenda kinyume. Huchukua Madaraka Express kutoka Miritini kwenda juu, wakati mabehewa yana nafasi. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Safari ni kama saa tano hadi sita. Reli imeinuliwa juu ya tuta inapopita Tsavo, na asiyelala huona tembo wekundu wa vumbi dirishani bila kulipa kiingilio.

Tsavo yenyewe, hifadhi iliyotengwa mwaka 1948, ni safari ya gari la kukodi, na barabara za ndani humtikisa mzee mgongo. Kwa hiyo wengi hupendelea Shimba Hills kule Kwale. Ni karibu, kuna baridi kidogo, na ndipo mahali pekee nchini panapobaki palahala. Wanaweza kutoka asubuhi kwa feri na kulala kwao jioni.

Gede ni safari nyingine ya siku moja. Mji huo wa magofu karibu na Watamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO Julai 2024, baada ya Lamu mwaka 2001, kaya za Wamijikenda mwaka 2008 na Fort Jesus mwaka 2011. Ukitazama orodha hiyo, pwani yetu ndogo ina maeneo manne, yote yakifikika kwa usafiri wa umma kutoka kisiwani. Wakenya wangapi tumeyaona yote manne?

Lamu ina mashaka yake. Kila mjitoleaji hutamani kuiona, hasa wakati wa Maulidi. Lakini shirika lake huangalia kwanza ubalozi umesema nini juu ya barabara ya Garsen na Witu, kwa maana bima nyingi hukataa kulipa mtu akienda pale serikali yake ilipomwonya asiende. Ndiyo maana wengi huruka kwa ndege, au hukaa Mombasa wakilitazama jahazi linaloondoka Bandari ya Zamani.

Kusini ni rahisi zaidi. Basi huvuka Lungalunga na Horohoro kwenda Tanga na Dar es Salaam, na kutoka huko boti huenda Unguja. Tangu Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar hulipa bima ya lazima ya dola 44. Mpakani huulizwa pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa wazee wanahitaji ushauri wa daktari mapema: chanjo hiyo ina hatari zaidi kwa anayechanjwa mara ya kwanza baada ya miaka 60. Anayeshikilia kadi ya zamani asiitupe. Tangu 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yote.

*"Nairobi yote huteremka pwani kwa Krismasi. Mjitoleaji mjanja huenda kinyume."*

Fedha za safari hizi hazipotei. Mama wa mahamri anapata, dereva wa tuktuk anapata, mwenye nyumba ya wageni Watamu anapata. Wajukuu nao huja kuwatembelea, nao hulala hotelini. Kwa pato, mgeni anayekaa mwaka mzima akila sokoni huwaingizia wananchi wengi zaidi kuliko yule aliyelipia kila kitu kwao kabla hajapanda ndege.

Kibali mkononi

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi huteleza.

Tangu Januari 2024 Kenya iliacha visa na kuanza idhini ya kusafiri ya kielektroniki. Mgeni wa matembezi hupewa hadi siku 90. Idhini hiyo si ya kazi, na kazi ya bure nayo ni kazi. Chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, anayekuja kujitolea katika shirika la dini au la hisani anapaswa kuwa na kibali cha daraja I, na shirika ndilo linaloomba kwa niaba yake. Kwa shughuli ya muda mfupi kuna pasi maalumu. Anayekaa zaidi ya siku 90 hujiandikisha na kupewa kitambulisho cha mgeni.

Wapo wanaokuja na kibali cha daraja K, kinachotolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 35 na mwenye kipato cha uhakika kutoka nje. Kanuni za sheria hiyo zilitaja dola 24,000 kwa mwaka. Mwenye kibali hicho huahidi kutofanya kazi ya malipo. Kibali hicho ni cha kuishi, na asiyekisoma vizuri huanza kukitumia kana kwamba kimempa darasa.

Mashirika hulalamika kwamba vibali huchelewa na gharama ni nzito kwa mtu asiyelipwa. Malalamiko hayo yana ukweli. Mzee aliyejitolea mwaka mmoja hawezi kungoja miezi sita nyumbani kwao akisubiri barua. Lakini jibu si kuwaingiza watu kwa idhini ya matembezi na kuwaambia wakiulizwa waseme wamekuja kuona pomboo. Mzee akikamatwa, anayefikishwa mahakamani ni yeye, wala si aliyemshauri.

Kazi ya nani?

Upande wa pili wanasimama vijana wetu. Kenya ina walimu wengi waliofuzu ambao Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) haijawaajiri. Mwaka 2024 walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi waligoma wakidai ajira ya kudumu, wengi wakiwa wanapokea posho isiyozidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwambie kijana wa Bondeni mwenye cheti chake kwamba shule ya mtaa wake inafundishwa hesabu na mgeni asiyelipwa, naye atakuuliza kwa nini mwenye shule amwajiri yeye.

Swali hilo lina jibu, na jibu ni kwamba mgeni asishike chaki ambayo Mkenya anaweza kuishika. Mkutubi mstaafu anayewaonyesha vijana wawili namna ya kuhifadhi hati zilizoliwa na mchwa hamnyang'anyi mtu kazi. Fundi wa mashine za mionzi anayekaa miezi sita na mafundi wa hospitali, wakifungua mashine pamoja na kuifunga pamoja, anaacha mikono inayojua. Mwalimu mkongwe wa lugha ya alama anayewafunza walimu wenzake hupanua kazi badala ya kuibana. Kwa watu wa aina hii ningependa Mombasa ifungue milango yote miwili.

Makao ya watoto ni jambo jingine kabisa, na hapa sitapima maneno.

Watoto wanaoishi katika makao ya hisani nchini wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, na kaunti za pwani zina makao mengi. Wengi wa watoto hao wana mzazi au jamaa aliye hai. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Australia, mwaka 2018, ilikuwa nchi ya kwanza kutambua katika sheria yake dhidi ya utumwa wa kisasa kwamba watoto husafirishwa hadi makaoni ili kuvutia fedha za wageni.

Mzee mwenye moyo mwema huja, humpakata mtoto wa miaka mitatu kila siku kwa wiki sita, mtoto humwita nyanya, kisha nyanya hupanda ndege. Baada ya mwezi huja mwingine. Mtoto huyo amefiwa mara ngapi kabla hajaanza shule? Kwa moyo wote naomba wazee hawa wasiipokee kazi hiyo, hata wakiombwa kwa machozi. Fedha walizotenga kwa safari zingeweza kumlipia shangazi wa mtoto kodi ya nyumba na karo, naye akalelewa kwao Kisauni au Kwale.

*"Mtoto huyo amefiwa mara ngapi kabla hajaanza shule?"*

Na wastaafu wetu?

Katika mjadala huu wote kuna watu wamesahaulika. Mtumishi wa umma Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Kisiwani humu wamo wauguzi, walimu, makarani wa bandari na mafundi wa reli waliostaafu na nguvu zao. Jioni wanakaa barazani wakinywa kahawa tungu, wakiwa na maarifa ambayo hakuna aliyewaomba. Wanaijua lugha, wanazijua familia, hawahitaji kibali.

Tumeshaonyesha kwamba kujitolea kwa wenyeji kunaweza kupangwa. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya wa jamii walizunguka nyumba kwa nyumba bila senti. Septemba 2023 serikali iliwapa zaidi ya 100,000 vifaa vya kazi na kuwaahidi posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Posho hiyo ni ndogo, na malipo yamekuwa yakilalamikiwa, lakini kazi yao sasa ina jina na daftari.

Kaunti ya Mombasa inaweza kufungua daftari kama hilo kwa wastaafu: fani yako, saa unazoweza kutoa, mtaa wako. Kisha mgeni wa kujitolea akija, asipewe darasa peke yake. Apewe mwenzake mstaafu wa hapa, wafanye kazi pamoja. Mkongwe wa Bonn na mkongwe wa Kuze wakikaa meza moja kwa mwaka mmoja, naamini kila mmoja atamfunza mwenzake, na mgeni akiondoka, mmoja wao atabaki hapa.

Kwa mwalimu mkuu, mkuu wa zahanati au mwenyekiti wa kikundi anayefikiria kupokea wazee hawa mwaka huu: omba kuona kibali cha daraja I au pasi maalumu kabla hujatoa funguo, andika jina la Mkenya atakayefunzwa, na andika tarehe kazi itakapokabidhiwa kwake. Kama kimojawapo hakipo, wapokee nyumbani kwako kama wageni, uwape chakula na heshima, lakini kazi isianze.